Umbo la Mswada na Uaminifu wa Data: Uandaaji wa Makala ya Isimu kwa ajili ya Jarida, kwa Mifano kutoka Njombe na Makambako



1.0 Utangulizi

Mhadhara huu unahusu jambo ambalo mara nyingi hufundishwa mwishoni kabisa, pale mwanafunzi anapokuwa amekwishachoka: namna ya kuuandaa mswada wa utafiti ili upelekwe katika jarida la kitaaluma. Kwa kawaida jambo hili huchukuliwa kuwa ni la kiufundi tu. Mwanafunzi huelezwa ukubwa wa herufi, nafasi kati ya mistari, idadi ya maneno ya ikisiri na mtindo wa marejeleo. Naye hutii kama mtu anayevaa sare ili aruhusiwe kupita langoni.

Hoja inayotetewa hapa ni kwamba umbo la mswada ni sehemu ya ushahidi wenyewe. Zipo kanuni za uandaaji ambazo ni za mazoea tu, nazo zingeweza kuwa vinginevyo bila madhara. Lakini zipo nyingine ambazo kila moja ni jibu la swali ambalo msomaji ana haki ya kuliuliza: maneno haya yalisemwa na nani, wapi, lini, kwa ridhaa ipi, na mtafiti ameyafanya nini kabla hayajachapishwa? Mswada usiojibu maswali hayo, hata ukiwa na nadharia nzuri kiasi gani, unamwomba msomaji aamini bila kuona.

Mtafiti anayeandika kwa Kiswahili hakosi mahali pa kupeleka kazi yake. Jarida la Kiswahili, linalotolewa na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, lina asili yake katika taarifa iliyoanza kutolewa mwaka 1930 na Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki. Jarida la Mulika lilifuata katika Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili. Huko Ujerumani, Swahili Forum lilianza mwaka 1994 mjini Köln, na baadaye likawa linapatikana kwa njia ya intaneti. Kwa hiyo swali la msingi si wapi pa kuchapisha. Swali ni kwa nini kazi nyingi zilizokusanywa kwa jasho vijijini hubaki katika rafu za maktaba zikiwa tasnifu, zisifike kamwe katika kurasa za majarida.

Ili mjadala usielee hewani, mhadhara unamfuata mtafiti mmoja wa kufikirika. Huyu amekusanya data katika Mkoa wa Njombe kuhusu lugha ya Kibena na uhusiano wake na Kiswahili. Ana tasnifu iliyokwisha kusahihishwa, ana daftari za uwandani na kanda za mahojiano, na sasa anataka kutoa makala ya kurasa ishirini. Makosa yanayoelezwa hapa hayakutolewa katika kazi ya mtu yeyote mahususi; ni makosa ambayo mwandishi yeyote angeweza kuyafanya.

2.0 Kutoka Tasnifu hadi Makala

Kosa la kwanza la mtafiti huyu ni kudhani kwamba makala ni tasnifu iliyokatwakatwa. Huchukua sura ya kwanza, akaipunguza. Sura ya pili, akaipunguza. Na kadhalika hadi mwisho. Kinachopatikana ni tasnifu iliyokonda, yenye viungo vyote lakini haina nguvu.

Tasnifu na makala zina wasomaji tofauti. Tasnifu huandikwa ili watahini waridhike kwamba mwanafunzi amejifunza kazi ya utafiti. Ndiyo maana huonyesha kila alichosoma na kila alichokusanya. Makala huandikwa kwa msomaji ambaye hana shaka na elimu ya mwandishi, ila anataka kujua jambo moja ambalo hakulijua jana. Mkulima wa viazi wa Njombe anajua tofauti hii vizuri: shambani huvuna vyote, lakini gunia linalopelekwa sokoni ni lile lililochambuliwa. Mnunuzi akikuta udongo na vilivyooza ndani ya gunia, halaumu udongo. Humlaumu aliyefunga gunia.

Hivyo basi, kabla ya kugusa ukubwa wa herufi, mtafiti anapaswa kuiandika hoja yake katika sentensi moja. Kwa mfano: “Makala haya yanaonyesha kwamba wazungumzaji wa Kibena wanaoishi Makambako wanatumia kiambishi tangulizi cha nomino kwa namna tofauti na wale wa vijijini.” Iwapo sentensi hiyo ni ya kweli au si ya kweli ni suala la data, muhimu hapa ni kwamba inaweza kupimwa. Sehemu yoyote ya tasnifu isiyoisaidia sentensi hiyo, hata kama ilimgharimu mwandishi miezi mitatu, haina nafasi katika mswada.

Ikisiri hutokana na sentensi hiyo hiyo. Majarida mengi hutaka ikisiri ya maneno kati ya 150 na 250. Waandishi wengi huitumia nafasi hiyo kueleza kwamba Kiswahili ni lugha muhimu Afrika Mashariki, jambo ambalo msomaji wa jarida la Kiswahili hahitaji kuambiwa. Ikisiri nzuri hutaja tatizo, data, mbinu, matokeo na maana ya matokeo, kwa mpangilio huo. Aidha, neno “yatajadiliwa” halisaidii kitu katika ikisiri. Msomaji aliye mbali, ambaye pengine ataiona ikisiri peke yake, anataka kujua ni nini kilichoonekana, wala si kwamba kitu fulani kitajadiliwa.

3.0 Mahali pa Data

Sehemu ya mbinu za utafiti ndiyo inayoandikwa kwa haraka kuliko zote. Mara nyingi msomaji hukutana na sentensi moja tu: “Data ilikusanywa Njombe.” Sentensi hiyo inaonekana kuwa kamili, lakini ina mashimo matatu.

Shimo la kwanza ni la utawala. Mkoa wa Njombe ulianzishwa rasmi mwaka 2012. Kabla ya hapo eneo hilo lilikuwa sehemu ya Mkoa wa Iringa. Mtafiti aliyekwenda uwandani mwaka 2008 aliandika kwa usahihi kwamba alikuwa katika Mkoa wa Iringa. Msomaji wa leo anayekuta “Kibena cha Iringa” katika makala moja na “Kibena cha Njombe” katika nyingine anaweza kudhani kuwa hizo ni lahaja mbili, kumbe ni kijiji kilekile kilichobadilishiwa mkoa. Hali kadhalika Ilembula, iliyokuwa ikiandikwa kuwa ipo Wilaya ya Njombe, sasa ipo Wilaya ya Wanging’ombe. Dawa ya tatizo hili ni nyepesi: kutaja kijiji, wilaya na mkoa, pamoja na mwaka ambao data ilikusanywa. Mipaka ya wilaya huhama. Kijiji kikitajwa pamoja na mwaka, msomaji hapotei.

Shimo la pili ni la lugha zenyewe. Katika uainishaji wa Malcolm Guthrie, Kibena kina namba G.63, na kimepangwa katika kundi moja na Kisangu (G.61), Kihehe (G.62), Kipangwa (G.64), Kikinga (G.65) na Kiwanji (G.66). Lugha hizi ni jirani kwa ukoo na kwa makazi. Mkoa wa Njombe una Wabena wengi, lakini pia una Wakinga na Wawanji upande wa Makete na Wapangwa upande wa Ludewa. Kwa hiyo “data ya Njombe” haiwi “data ya Kibena” mpaka mwandishi aseme ni ya Kibena, na aseme ni Kibena cha wapi.

Shimo la tatu linaonekana wazi zaidi Makambako. Mji huu upo takriban kilomita 60 kaskazini mwa mji wa Njombe, mahali ambapo barabara ya kwenda Njombe na Songea inaachana na barabara kuu ya Dar es Salaam, Mbeya hadi Zambia. Reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975, ina stesheni hapo. Mji uliokua juu ya njia panda una watu wa njia panda: Wabena, Wahehe, Wakinga na wengine waliofuata biashara ya mazao, mbao na usafiri. Kiswahili ndicho kinachowaunganisha. Mtu aliyezaliwa Lupembe, akasoma Iringa, akafanya biashara Makambako kwa miaka ishirini, ni mzungumzaji halali wa Kibena. Lakini Kibena chake kina historia. Mwandishi akimweka katika jedwali kama “mzungumzaji namba 7, Makambako”, amelificha jambo ambalo huenda ndilo linaloeleza matokeo yake.

Inafaa basi sehemu ya mbinu iwe na jedwali dogo la watoa taarifa: umri kwa makundi, jinsi, mahali alikozaliwa, mahali anapoishi na muda aliokaa hapo, na lugha anazozungumza. Jedwali hilo halizidi nusu ukurasa. Bila jedwali hilo, mhakiki hawezi kujua kama tofauti inayodaiwa ni ya kijiji na mji, ya wazee na vijana, au ya Kibena na Kihehe.

4.0 Lugha ya Kati Inayotoweka

Lipo suala jingine la mbinu ambalo ni nadra kuandikwa, nalo linawahusu hasa watafiti wa Tanzania. Mtafiti asiyejua Kibena huendesha mahojiano kwa Kiswahili. Humwuliza mzee, “Utasemaje kwa Kibena: ‘Alikuja’?” Mzee hujibu. Baadaye mtafiti huandika makala kwa Kiingereza, na katika makala hayo mfano wa Kibena unafuatwa moja kwa moja na tafsiri ya Kiingereza. Kiswahili, kilichokuwa daraja la mazungumzo yote, kimetoweka pasipo hata tanbihi.

Madhara yake ni ya kweli. Kwanza, Kibena ni miongoni mwa lugha nyingi za Kibantu zinazotofautisha, katika kitenzi chenyewe, wakati uliopita wa karibu na wakati uliopita wa mbali. Kiambishi -li- cha Kiswahili hakifanyi tofauti hiyo: “alikuja” ni sawa kwa aliyekuja jana na aliyekuja enzi za Wajerumani. Mzee aliyeulizwa “alikuja” bila muktadha atachagua umbo moja, lile lililomjia kichwani. Mtafiti ataliandika kama ndilo umbo la wakati uliopita, na umbo la pili litakosekana katika makala. Kukosekana huko kutakuwa kumesababishwa na swali, wala si na lugha.

Pili, nafsi ya tatu umoja haina jinsi katika Kibena wala katika Kiswahili. Kiingereza hulazimisha uchaguzi, na mara nyingi mwandishi huchagua mwanamume. Bibi aliyesimulia habari za mama yake mzazi hujikuta, katika ukurasa uliochapishwa, akiwa amesimulia habari za mwanamume. Hakuna aliyekusudia kudanganya. Umbo la mswada tu ndilo lililoruhusu jambo ambalo mzungumzaji hakulisema lionekane kana kwamba alilisema.

Kanuni inayopendekezwa ni kwamba mwandishi aeleze katika sehemu ya mbinu lugha iliyotumika katika mahojiano, aseme kama maumbo yalipatikana kwa tafsiri au katika masimulizi huru, na pale ambapo Kiswahili kilikuwa chanzo cha swali, akitaje. Makala yanayoandikwa kwa Kiswahili yana faida ya wazi hapa, kwani yanaweza kuliweka swali kama lilivyoulizwa. Hii ni sababu ya kitaaluma ya kuandika kwa Kiswahili, mbali na sababu za uzalendo zinazotajwa kila mara.

5.0 Uwasilishaji wa Mifano

Katika makala ya isimu, mfano ndio ushahidi. Utaratibu uliokubalika ni wa mistari mitatu: mstari wa kwanza una umbo la lugha husika likiwa limegawanywa katika mofimu, wa pili una maelezo ya kila mofimu, wa tatu una tafsiri huru. Utaratibu huu umefafanuliwa katika kanuni kumi zinazojulikana kwa jina la mji wa Leipzig, ambazo majarida mengi ya isimu huzifuata. Mfano rahisi wa Kibena ni huu:

(1) a. u-mu-nu
KT-NG1-mtu
‘mtu’

b. a-va-nu
KT-NG2-mtu
‘watu’

Hapa KT ni kiambishi tangulizi na NG ni ngeli. Mwandishi aliyeandika kwa kifupi tu “avanu (watu)” angemwacha msomaji afikiri kwamba ava- nzima ndiyo wa- ya Kiswahili. Ugawaji unaonyesha kwamba va- ndiyo inayolingana na wa-, na kwamba a- iliyotangulia ni kiambishi ambacho Kiswahili sanifu hakina. Vistari viwili vidogo vimebeba hoja nzima. Mhariri anapodai vistari hivyo vipangwe sawasawa juu na chini, anataka msomaji aione hoja kwa macho.

Namba za ngeli nazo zinahitaji uamuzi. Upo utaratibu wa namba uliotokana na kazi za Wilhelm Bleek katika karne ya 19 na kuendelezwa na Carl Meinhof, na upo utaratibu wa upatanisho wa kisarufi unaotumiwa sana shuleni, wenye majina kama A-WA na KI-VI. Kila mmoja una matumizi yake. Kwa makala yanayolinganisha Kibena na Kiswahili, namba ni bora, kwa sababu hazifungwi na maumbo ya lugha moja: ngeli ya 2 ni va- katika Kibena na wa- katika Kiswahili, na bado ni ngeli ya 2. Kisichokubalika ni kuanza na namba katika jedwali la kwanza na kumaliza na A-WA katika jedwali la mwisho. Vilevile kila kifupisho kifafanuliwe mara moja, mahali pamoja, mwanzoni. Istilahi za isimu kwa Kiswahili zimekusanywa tangu mwaka 1990 katika Kamusi Sanifu ya Isimu na Lugha ya TUKI. Anayeamua kutumia istilahi tofauti ana uhuru huo, mradi amweleze msomaji.

Toni ni mtihani mwingine. Kibena ni lugha ya toni. Kiswahili sanifu hakina toni. Mtafiti aliyezoea tahajia ya Kiswahili huandika Kibena bila alama yoyote, kama mfano wa (1) ulivyoandikwa. Hilo linaruhusiwa pale ambapo toni haihusiani na hoja, lakini ni lazima lisemwe: “Toni haikuoneshwa katika mifano.” Bila kauli hiyo, msomaji hajui kama toni haipo, haikusikika au haikuandikwa.

Baada ya hapo inakuja kompyuta. Alama za fonetiki na za toni zilizochapwa kwa fonti za zamani hugeuka vijisanduku pindi faili linapofunguliwa kwenye mashine nyingine. Fonti zinazofuata mfumo wa Yunikodi zimepunguza tatizo hili sana, hata hivyo ni busara kuambatisha nakala ya PDF ili mhariri aone mwandishi alichokusudia. Programu za kuchapa zilizowekwa katika Kiingereza nazo hujifanya zinasahihisha: irabu i iliyosimama peke yake hugeuzwa kuwa herufi kubwa I, na mfano uliopewa alama (c) hugeuka kuwa alama ya hakimiliki. Mwandishi anayeshughulikia viambishi vya irabu moja akiacha masahihisho hayo yafanyike bila kuyaona, atakuwa amepeleka kwa wahakiki data ambayo hakuna Mbena aliyewahi kuitamka. Mipangilio hiyo izimwe kabla ya kuchapa mfano wa kwanza.

6.0 Majina: Yanayofichwa na Yanayotajwa

Mtafiti wa lugha hafiki kijijini kimyakimya. Barua ya chuo humpeleka kwa Katibu Tawala wa Mkoa, kisha wilayani, kisha kwa Mtendaji wa Kata na wa Kijiji, ndipo akaribishwe kwenye ua wa mzee. Watu wengi wamebeba dhamana kwa ajili yake. Namna majina yanavyoandikwa katika mswada ndiyo inayoonyesha kama dhamana hiyo imeheshimiwa.

Desturi ni kutotaja majina ya watoa taarifa isipokuwa wameridhia. Lakini kuficha jina peke yake hakutoshi. “Mzee wa miaka 84, mwalimu mstaafu, kutoka kijiji fulani” ni maelezo ambayo kijiji kizima kitamtambua mhusika. Hatari ni kubwa zaidi katika masimulizi huru. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2011–12 ulionyesha kwamba Mkoa wa Njombe ulikuwa na kiwango cha juu cha maambukizi ya VVU kuliko mikoa mingine ya Tanzania, asilimia 14.8 ya watu wenye umri wa miaka 15 hadi 49. Katika eneo lenye misiba ya namna hiyo, mtu anapoombwa asimulie maisha yake ili mtafiti apate vitenzi vya wakati uliopita, atasimulia nani aliugua na nani alizikwa. Mwanaisimu anaangalia kiambishi. Jirani atakayesoma atamwangalia marehemu, mjane na watoto. Sentensi ya aina hiyo isiwe mfano wa sarufi katika jarida. Itafutwe nyingine yenye kiambishi kilekile.

Majina ya waandishi waliorejelewa yana matatizo ya aina nyingine. Mitindo mingi ya marejeleo hudai jina la ukoo litangulie, na hudhani kwamba kila mtu analo. Shaaban Robert huorodheshwa kama “Robert, S.”, na msomaji hudhani kuwa Robert ni jina la ukoo wa Kizungu, ilhali ni jina la baba yake. Said Ahmed Mohamed na Mohamed Suleiman Mohamed, wote wawili waandishi wa riwaya wa Zanzibar, hugeuka “Mohamed” ndani ya matini. Na Mohamed Said Abdulla, ambaye ni mtu wa tatu, huchanganywa nao. Katika hali kama hiyo mwandishi aandike majina kamili katika orodha ya marejeleo, na aongeze herufi za kwanza ndani ya matini, hata kama mwongozo wa jarida haukusema. Mhariri mwenye busara hatakataa.

Matoleo nayo yatajwe. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ilitoka mara ya kwanza mwaka 1981, na toleo la pili likatoka mwaka 2004. Kuandika “TUKI, Kamusi ya Kiswahili Sanifu” bila mwaka ni kumpeleka msomaji sokoni bila kumwambia duka. Zaidi ya hayo, kila rejeo liwe limeshikwa na mwandishi kwa mkono wake au kusomwa kwa macho yake. Zamani kosa lilikuwa kunakili marejeleo kutoka tasnifu ya mwingine; leo zipo programu za akili mnemba zinazoweza kutunga kitabu ambacho hakijawahi kuandikwa. Njia ya kujikinga na makosa yote mawili ni moja: kutokirejelea kitabu ambacho hakijafunguliwa.

7.0 Mswada Mikononi mwa Wahakiki

Mswada uliokamilika hupelekwa kwa mhariri mmoja wa jarida moja. Kuupeleka katika majarida mawili kwa wakati mmoja ni kosa la kimaadili, kwa sababu wahakiki hufanya kazi hiyo kwa kujitolea. Jina la mwandishi hubaki katika ukurasa wa kwanza tu au katika barua, ili wahakiki wasome kazi bila kumjua mwenyewe. Hapa waandishi wengi hujisahau: huondoa jina kichwani, kisha katika ukurasa wa nne huandika “kama nilivyoonyesha katika tasnifu yangu”. Watafiti wa Kibena ni wachache. Sentensi hiyo ni sawa na sahihi.

Majibu ya wahakiki yakija, mara nyingi hudai masahihisho. Mwandishi chipukizi huyasoma kama tusi, akaufungia mswada kabatini. Hapo ndipo kazi nyingi nzuri hufia. Utaratibu ufaao ni kuandika kila pendekezo, na chini yake kueleza kilichofanyika na ukurasa kilipofanyika. Pale ambapo mhakiki amekosea, mwandishi ana haki ya kukataa kwa hoja na kwa adabu. Mhakiki aliye mbali anaweza kudai kwamba “Kibena cha Makambako” ni lahaja inayopaswa kuelezwa. Mwandishi aliye na jedwali lake la watoa taarifa atajibu kwa mistari miwili, na mjadala utaisha. Asiye nalo hana cha kujibia.

8.0 Hitimisho

Imeelezwa mwanzoni kwamba baadhi ya kanuni za uandaaji ni za mazoea. Iwapo mwaka uwekwe ndani ya mabano au baada ya nukta, iwapo kichwa kikolezwe au kipigiwe mstari, hayo huamuliwa na jarida, na mwandishi hutii bila kupoteza kitu. Wanaolalamika kwamba kanuni hizo zilitoka ng’ambo wana haki ya kulalamika, na majarida ya Afrika Mashariki yana haki ya kujiwekea zake.

Lakini kutaja kijiji na mwaka, kusema lugha ya mahojiano, kugawa mofimu ili hoja ionekane, kukiri kuwa toni haikuandikwa, kumficha mjane na kumtaja mwandishi kwa jina lake la kweli, hayo hayakutoka ng’ambo. Mzee wa Njombe anayepokea mgeni kwa salamu ya “Kamwene” huuliza mambo yaleyale kabla hajaanza kuzungumza: umetoka wapi, umetumwa na nani, maneno yangu utayapeleka wapi? Mtafiti alipoketi uani aliyajibu maswali hayo kwa mdomo. Mswada unatakiwa uyajibu tena kwa maandishi, mbele ya watu ambao hawatafika Makambako kamwe.

Na makala yakishatoka, nakala moja irudishwe kule data ilikotoka: shuleni, katika ofisi ya kijiji, au kwa familia iliyomkaribisha mtafiti. Ikiwa imeandikwa kwa Kiswahili, itasomwa. Wakikuta humo kosa katika neno lao, watasema; na marekebisho hayo ndiyo yatakayokuwa mwanzo wa makala ya pili.